Mpira Ulio Hewani Una Mwenyewe

Quillard, Texas
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Vernon,

"Mpira ukiwa hewani hauna mwenyewe." Maneno hayo ni yako. Uliyasema majira ya baridi yaliyopita, mbele ya meza nzima ya kahawa pale mkahawani kwa Darlene, na wanaume wote wakacheka, hata Darlene mwenyewe akaacha kumimina ili acheke vizuri. Ukaongeza kwamba katika mpira wetu wa Kimarekani mwanamume wa kweli huukumbatia kifuani, huinamisha kichwa na kupita katikati ya watu, na kwamba timu inayorusharusha mpira ni bibi harusi anayetupa shada nyuma ya mgongo bila kujua litadakwa na nani. Nimetembea na maneno hayo msimu mzima kama kokoto ndani ya kiatu. Leo nakivua.

Lakini kwanza salamu, maana Mama hakutulea kama ndama. Habari ya nyonga mpya? Daktari amekuruhusu kutembea na fimbo, au bado unamsumbua mwanao Peggy akusukume kwenye kile kiti? Naamini anakulisha vizuri huko Lubbock, na kwamba humkaripii kila anapokuuliza kama umemeza dawa. Sisi huku hatujambo. Pamba yako yote imeshavunwa, hata lile shamba la kaskazini lililochelewa. Ng'ombe wazima. Shemeji Lavonne, aliyebaki kuwaangalia, mzima kabisa, na habari zake nitazifikia. Ningekueleza haya kwa simu, ila nimekupigia mara mbili na mara zote umenikatia, mara ya pili kabla sijamaliza kusema ni mimi, Harlan. Ndiyo sababu nimemwomba shemeji akuletee barua hii kesho, pamoja na pai ya njugu za pekani. Barua haikatiki.

Nijuavyo, matokeo ya jana huyajui yote. Peggy aliniambia uliamuru redio izimwe tulipoanza kuzidiwa. Basi tulia, nikusimulie mimi niliyekuwa pale.

Nianze na kilicho hatarini, usije ukajifanya umesahau. Alhamisi bodi ya shule inakaa kuamua kama Quillard itaendelea kucheza mpira wa watu kumi na mmoja au itashuka kwenye ule wa watu sita, kama shule zote za jirani zilizoishiwa watoto. Ombi la kushuka liko mezani kwa Purvis, mwenyekiti wa bodi, na sahihi ya kwanza ni yako. Wewe ambaye picha yako imetundikwa ukumbini, wewe uliyenikabidhi filimbi ya ukocha kwa mkono wako! Ulimwambia Purvis ni heri watu sita wanaocheza kiume kuliko kumi na mmoja wanaocheza sarakasi. Purvis naye alinijibu wazi kwamba nikivuka mchezo wa kwanza wa mtoano, atalitupa ombi hilo, mradi wewe mwenyewe uliondoe. Nisipovuka, uwanja wetu utapunguzwa, na kipande kitakachobaki kitaoteshwa mtama.

Sasa tubishane. Hoja yako ya kwanza ilikuwa upepo. Ulisema huku kwetu upepo unang'oa mabati, sembuse kubeba mpira. Kweli, kaka, unabeba mpira uliorushwa juu na mbali na mtu anayejionyesha kwa wasichana. Sisi tunarusha chini na karibu, mpira unafika kabla upepo haujageuza kichwa. Hoja yako ya pili ilikuwa kwamba kurusha ni woga. Nimefundisha historia katika shule hii kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nimesoma habari za vita vya mabara yote. Kila jeshi lililodharau mshale, likisema ni silaha ya waoga wanaokaa mbali, lilikutwa limelala kifudifudi pamoja na ushujaa wake. Na mwambie Eliseo Barrientos kwamba ni mwoga! Kijana asimame wima, mpira mkononi, huku watu wazito kumshinda wanamjia mbio, na asiondoe macho kule anakotaka kurusha mpaka wamwangushe. Huyo ndiye mwoga wako?

Hoja yako ya tatu ndiyo iliyokuwa na meno. Ulisema hatuna watu. Ulitazama vijana wangu mazoezini ukasema umeona ufito mnene kuliko hao. Hapo ulisema kweli, ila hukuuliza swali linalofuata. Mchezo wako unataka vijana wanene, na wazazi wa vijana wanene wamehamia kwenye visima vya mafuta. Tuliobaki nao ni wembamba wenye miguu mirefu na masikio mazuri. Sasa kocha afanye nini, alie? Anajenga timu kwa walio mbele yake.

Basi nikajenga. Eliseo, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, nikamfanya mrushaji. Tate Ledbetter, mpiga ngoma, mrefu kama nguzo ya umeme, nikampeleka pembeni awe mpokeaji. Katikati ya ukuta wa vijana wanaomkinga mrushaji, mahali pa kumrudishia mpira, nikamweka Junior Holguín, yule anayepuliza lile tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini. Kijana aliyezoea kubeba shaba nzito vile na bado akatembea mstari ulionyooka hababaiki kwa kuguswa bega. Ukuta wenyewe nikautawanya, kila mmoja mbali na mwenzake, ili adui azunguke njia ndefu kumfikia Eliseo. Wewe ulisema unafanana na meno ya mzee Cobb, moja huku na jingine kule. Tulicheka sana siku hiyo, nakiri. Mzee Cobb pia alicheka, na tukayahesabu.

Aliyebaki ni Cutter Maddox, fahali wako, kijana pekee ambaye ungemchagua. Nilimwambia kwamba mpira hataubeba, kazi yake ni kusimama kando ya Eliseo na kumzuia yeyote atakayepenya. Baba yake alikuja ofisini kwangu na kofia yake kichwani, akaniuliza tangu lini fahali anafungwa mlangoni kulinda kuku. Nikamjibu kwamba kuku huyo ndiye anayetaga. Hakucheka. Cutter mwenyewe alinuna wiki nzima, kisha siku moja mazoezini alimwinua mpinzani mmoja akamweka chini taratibu kama gunia la mbegu, akasema kazi hii inaanza kumnogea.

Jana tulicheza huo mchezo wa kwanza wa mtoano na Sand Draw, kwenye uwanja wa kukodi, mchana kweupe, upepo ukipiga kama una deni na sisi. Watu wao walikuja na tarumbeta za kitoto za plastiki. Kila Eliseo aliposhika mpira walizipuliza zote pamoja, na mmoja alikuwa na shuka lililoandikwa BENDI IKAE JUKWAANI. Hadi mapumziko tulikuwa nyuma, na hapo ndipo Peggy alipozima redio. Unajua desturi ya shule ndogo kama yetu, wachezaji walio kwenye bendi hawaendi kupumzika, wanakwenda kuchukua vyombo. Kwa hiyo nilipoingia chumbani nikiwa nimejiandaa kufoka, nilimkuta Cutter na wenzake wachache wanakula machungwa. Wengine wote walikuwa uwanjani wakipiga muziki wamevaa jezi na kinga za mabega, jasho linawatiririka, Sand Draw inawazomea. Cutter aliniangalia akasema, "Kocha, kama ni lazima ufoke, nifokee mimi, nitawafikishia." Nikala chungwa.

Labda muziki ule ndio uliotuokoa. Walirudi mchezoni wakiwa bado na ule mdundo mwilini. Mpira ukaanza kutembea, kidogo huku, kidogo kule, Sand Draw wakikimbilia mahali ulipokuwa na si mahali unapokwenda. Nahodha wao akamwambia Tate acheze kiume, waache kukimbiakimbia kama sungura. Tate akamjibu kwamba sungura hajawahi kuomba radhi kwa mbwa aliyeachwa nyuma. Tarumbeta za plastiki zikapungua, kisha zikanyamaza.

Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa alama tano, karibu na mstari wao, alama sita kwa atakayeuvuka na mpira, tumebakiwa na jaribio moja. Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Purvis aliacha kiti chake akaja mpaka kwenye uzio, na pamoja naye nusu ya meza ya kahawa, wakipiga kelele kwamba mpira apewe Cutter, apite katikati, kama zamani za Vernon. Niseme kweli, kaka, ulikuwa unasema kupitia vinywa vyao na nilikusikia. Cutter aligeuka, akavua kinga ya mdomo, akamwambia mwenyekiti wa bodi ya shule, "Mzee, kaa chini, unawazibia watu." Akaenda kusimama mahali pake.

Junior akarudisha mpira. Wawili wao wakapenya. Cutter akamkumba wa kwanza, na kwa mkono uliobaki akamshika wa pili, wakaanguka wote watatu kama mzigo wa kuni. Na Eliseo akarusha. Alirusha kwenye kona tupu, Vernon. Hapakuwa na mtu pale, ni nyasi kavu tu. Tate alikuwa bado anakimbia amempa mgongo. Nikasikia sauti yako ikisema hauna mwenyewe, hauna mwenyewe. Purvis akashika kichwa. Halafu Tate akageuka, bila kutafuta, bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, na mpira ukamwingia mikononi ndani ya mstari.

Mpira ule ulikuwa na mwenyewe tangu haujatoka mkononi. Mwenyewe alikuwa njiani tu. Kurusha kwetu ni hivyo. Mmoja anaahidi kuwa mahali fulani, mwingine anaamini, na ahadi na imani zinakutana hewani. Niambie kama kuna ujasiri mkubwa zaidi katika mchezo huu, nami nitakusikiliza, ila hutanipata kwa urahisi.

Tumeshinda, kaka. Quillard imeshinda! Baba yake Cutter alivua ile kofia yake akaitupa, upepo ukaichukua hadi upande wa Sand Draw, na mwenye lile shuka ndiye aliyemrudishia.

Sasa nifikie jambo nililolificha tangu mwaka uanze. Umekuwa ukiniuliza, tena kwa kejeli, ni mwendawazimu gani alinichagulia vijana hawa. Si mimi. Nilikuwa na wazo la kurusha, sikuwa na watu. Aliyewachagua ni Lavonne.

Ndiyo, mkeo. Kumbuka miaka yote uliyokuwa kocha, kijana mwembamba akija kuomba nafasi ulimwambia aende darasa la muziki kwa mkeo akapulize bati. Walikwenda. Yeye akawapokea mmoja mmoja, wao na baadaye wadogo zao, akawafundisha kufika mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, bila kutazama pembeni, huku mikono na midomo ina kazi nyingine. Wewe uliita vile kupiga bendi. Kila Jumapili baada ya chakula, wewe ukiwa umelala mbele ya televisheni kwenye kile kiti chako, mimi nilifuta vyombo na shemeji aliosha, na juu ya meza yako, kwa vichupa vyako vya chumvi na pilipili, alinionyesha nani aende wapi. Junior kati kwa sababu haguswi na fujo. Tate pembeni kwa sababu hajawahi kuchelewa pigo. Eliseo nyuma kwa sababu, alisema, kijana huyo akishaamini hageuzi shingo kuhakikisha. Mara moja uliamka ukatuuliza tunanong'ona nini. Akakujibu tunagawana pilipili, ukalala tena. Jina la Cutter alilitaja pia. Alisema fahali wako asiachwe nje, apewe mlango, kwa sababu ana moyo wa kulinda na hakuna aliyewahi kumwomba.

Alinikataza kukuambia mpaka tushinde mchezo wa maana. Kwamba alibaki Quillard kwa ajili ya ng'ombe, hilo nalo ulifute. Ng'ombe walilishwa na mtoto wa jirani. Yeye jana alikuwa pale uwanjani, na vijana walipotoka kwenye dimba walimpita kocha wao wakaenda kumbeba mwalimu wa muziki.

Kwa hiyo, Vernon Teague, inua macho kutoka kwenye karatasi hii. Aliyekuletea amekaa mbele yako, na kama ninavyomjua bado hajavua koti. Timu uliyoitukana ni yake. Usimuulize kwa nini hakukuambia, muulize aliwezaje. Kisha umwombe simu, imo kwenye mkoba wake na nambari ya Purvis imeshaandikwa. Mpigie mbele yake, uondoe sahihi yako, na umwambie awaite Darrell, Cobb na wengine wote wa meza ya kahawa waondoe zao kabla ya Alhamisi. Jumamosi tunacheza hapo hapo Lubbock. Njoo na fimbo yako, ukae upande wetu, mstari wa mbele. Wakati wa mapumziko usiende kununua kahawa. Kaa, uitazame timu yako ikipiga muziki.

Msalimie Peggy na wajukuu. Mpe pole nyonga.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi kama wewe,
Harlan