Kesi Tulishinda, Watu Hawakuja

Jumamosi, jioni. Singida Mjini.

Upepo leo umeamka vibaya. Tangu asubuhi unapiga mabati, unachota vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya nguo nilizoanika, na kwa kuwa wiki nzima nimefua mara moja tu, nimenuna. Kipupwe cha hapa hakina adabu. Wageni wanaambiwa Singida ni kuku na alizeti. Habari ya upepo wanakuja kuijua wenyewe.

Nimerudi nina makapi kwenye nywele na viganja vinaniwaka moto. Sijawasha redio, sijapika. Nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, na hilo huwa nalisisitiza kwa sababu mawakili hawana utani. Nafanya kazi kwenye shirika dogo lenye vyumba viwili vya kupanga karibu na soko. Wanakuja watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Tunawasikiliza, tunawaeleza sheria inasemaje, tunawaandikia maombi yao, tunawasindikiza mpaka mlango wa mahakama. Ndani wanasema wenyewe. Mimi nakaa benchi la nyuma nimebana midomo, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu.

Kuna jambo sijawahi kuliandika humu.

Kazi hii inakuacha peke yako.

Mimi ni mtu wa Itigi, mkoa huu huu. Hapa mjini nimepanga chumba, na majirani zangu ni watu wazuri, salamu hazikauki. Ila shughuli zikiwepo, siitwi. Najua kwa nini. Nilimsaidia mama mmoja wa mtaa wa nyuma kudai matunzo ya watoto, na tangu siku hiyo wanaume wa hapa wananiona kama ugonjwa wa kuambukiza. Wake zao wananijia wakiwa na tatizo, wanaongea kwa sauti ya chini pale mlangoni. Tatizo likiisha tunapishana sokoni kama hatujuani. Binti wa mwenye nyumba alipoolewa, harusi yake niliisikia ukutani, ngoma na vigelegele vyote, huku nakula chapati nilizojinunulia kwa muuza chai.

Basi, tuyaache hayo. Nilitaka kuandika habari za Mama Salehe. Si jina lake, nimembadilishia.

Mama Salehe ni mjane anayeishi Mwankoko, pembeni ya mji. Watoto wake wote wako mbali wanatafuta maisha. Mumewe alipofariki, shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu, alitaka awe yeye msimamizi wa mirathi. Kila mtu alijua akiupata usimamizi shamba litauzwa, maana mji unasogea na shamba limekaa karibu na barabara. Nyumba anayolala Mama Salehe iko ndani ya shamba hilo hilo. Alipokuja ofisini mara ya kwanza aliketi pembeni kabisa ya kiti, kama amekiazima.

Tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa shemeji, nabwata, namwita mchawi, yeye anajifunza kumtazama hakimu na kuniacha nibwate. Aliniambia naigiza vizuri mno, labda na mimi nina shemeji wa namna hiyo. Ilipofika siku ya kusikilizwa pingamizi la shemeji, alisimama akasema maneno yake yote bila kutetemeka. Hakimu akalitupa pingamizi, akamteua yeye kuwa msimamizi.

Nilitoka nje nikitegemea vigelegele. Shemeji akapita. Wifi zake Mama Salehe wakapita. Watoto wa wifi zake, ambao baadhi yao amewalea kwa mikono yake, nao wakapita. Hakuna aliyemtupia jicho. Tukabaki wawili kwenye ukuta wa mahakama, upepo unatupeperushia mitandio. Nikampa mkono wa pongezi, nikapanda bodaboda, nikarudi ofisini kuandika taarifa. Niliandika: mteja amefanikiwa.

Jumatano ya wiki hii amekuja tena. Ameketi, amemaliza salamu zote, halafu akasema, "Niandikie nijitoe. Huo usimamizi wampe yeye."

Nilidhani ametishwa. Nikamuuliza maswali yetu yale: nani kakufuata, nani kakupiga, kuna aliyekutolea maneno? Akatikisa kichwa.

"Hakuna aliyenigusa," alisema. "Wangenigusa ningejua wananiona."

Akaniambia tangu ile siku ya mahakama hakuna mguu uliokanyaga uwanja wake. Akifika bombani, mazungumzo yanakatika. Kulikuwa na msiba kwa jirani, akaenda jikoni kusaidia kupika kama wanawake wote, na wenzake wakatoka mmoja mmoja, huyu kafuata kuni, yule kafuata chumvi, mpaka akabaki yeye na sufuria. Kazini kwangu nimesikia ya kila aina, vipigo, watoto kutelekezwa, wazee kufukuzwa kwenye nyumba walizojenga. Lile la sufuria limenikaa kifuani tangu Jumatano.

Na bado nilikasirika. Sikumwonyesha, lakini nilikasirika. Jasho lote lile, mazoezi yote yale, halafu unakwenda kumkabidhi mtu kwa mkono wako mwenyewe kile alichoshindwa kukunyang'anya? Nikamwambia aende akafikiri, Jumatatu akiwa bado ana nia hiyo nitamwandikia. Na ni kweli ningemwandikia. Shamba ni lake, uamuzi ni wake, sheria haikuniweka mimi niishi kwa niaba yake.

Leo nimekwenda Mwankoko. Ofisi imefungwa, hakuna aliyenituma. Nilijiambia naenda kumshawishi. Kusema kweli Jumamosi zangu ni ndefu sana.

Nimemkuta uani. Alizeti imekauka, imerundikwa juu ya turubai tayari kwa kupurwa. Kule watu wanapuriana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye alizeti anapika. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba tangu juzi, kwa adabu, kuwaalika wifi zake na majirani. Alikuwa amechinja jogoo. Ugali wa uwele umefunikwa, mlenda uko tayari, sahani zimepangwa kwenye mkeka, nyingi. Fimbo za kupuria zimeegemezwa ukutani kwa ajili ya watu. Mwenyewe amekaa kwenye kigoda anawasemesha kuku kwa Kinyaturu, lugha ambayo mimi sijavuka salamu.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Hakuna aliyekuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta ile barua?"

Nikamwambia sikuleta kitu, nimekuja kumsalimia tu. Akanitazama kidogo, kama anapima. Kisha akainuka, akachukua sahani.

"Basi karibu chakula, mwanangu."

Nami nikajibu, "Asante mama, nimeshakula."

Nieleze. Ofisini kwetu ni marufuku kula kwa mteja. Kuna mwenzetu aliwahi kupewa kuku wa shukrani, upande wa pili wakasema amehongwa, ikawa kesi juu ya kesi. Tangu hapo tunafundishwa jibu moja, na mimi nimelisema kwenye nyumba nyingi mpaka linatoka lenyewe. Limetoka leo, Jumamosi, ofisi imefungwa, na tumbo langu halijaona kitu tangu chai ya asubuhi.

"Hata wewe," alisema. Hakusema kwa ukali. Akaanza kurudisha sahani ndani, moja moja.

Jamani. Mimi si mgeni wa huku. Nimekua nikijua kwamba ukikataa chakula cha mtu umemwambia una neno naye, au unaogopa mkono wake. Kile ambacho ukoo mzima umekuwa ukimwambia kwa kunyamaza, mimi nimemwambia kwa mdomo wangu, tena kwa heshima.

Nikachukua fimbo moja pale ukutani, nikaanza kupura. Na suruali yangu ya ofisini, na viatu vyangu vya kufunga. Nimepiga kwa hasira, mbegu zinaruka mpaka kwa kuku, nao wakafurahi. Akatoka ndani, akasimama mlangoni akiniangalia.

"Unapura au unaua nyoka?" aliniuliza. Akachukua fimbo yake, akanionyesha, mapigo mepesi yanayofuatana. Tukapura mpaka mikono yangu ikagoma. Nikaweka fimbo chini nikamwambia ukweli.

"Mama, nina njaa."

Tumekula sahani moja. Wakati tunakula wifi zake wawili wamepita njiani na ndoo zao kichwani. Wametuona. Mmoja alisimama kidogo, akajifanya anafunga kanga, kisha akamfuata mwenzake. Hawakusalimia. Mama Salehe aliendelea kumega tonge, ila niliona limechukua muda mrefu kufika mdomoni.

Halafu akaniuliza, "Na wewe kwako nani anakupikia?"

Miaka yote hii mimi ndiye mwenye maswali. Jina kamili, umeolewa lini, watoto wangapi, alikupiga kwa kitu gani. Sikumbuki mteja aliyewahi kuniuliza mimi kitu, zaidi ya kesi itaisha lini.

"Najipikia, mama."

"Ukiumwa je?"

Nililia. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nimelia na tonge mkononi, mtu mzima, mbele ya mteja. Hakuninyamazisha, wala hakuniuliza nini. Amesukuma paja la jogoo upande wangu wa sahani, akaendelea kula.

Wakati wa kuondoka nikajikaza, nikamuuliza kuhusu Jumatatu, kama bado anataka nimwandikie ajitoe. Alikuwa anapepeta. Upepo huu ninaoulaani tangu asubuhi ulikuwa unamfanyia kazi yake, makapi yanakwenda upande, mbegu zinashuka mbele yake. Akapepeta mpaka ungo ukaisha.

"Jumatatu sina nafasi ya kuja mjini," alisema. "Alizeti yote hii nimwachie nani?" Akajaza ungo tena. "Wewe njoo Jumamosi. Ila uvae nguo za kazi."

Sijajua hilo litadumu kiasi gani. Wifi zake hawajaja, na huenda wasije. Shemeji bado yupo, shamba bado linatamanika. Mtu mmoja kutoka mjini, asiyejua kupura, hatoshi kuwa ukoo. Kesho atakwenda bombani na mazungumzo yatakatika kama kawaida, na mimi nitakuwa hapa chumbani nasikiliza majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta.

Lakini siwezi kuwa mshauri wake na mgeni wake kwa pamoja, na ile sheria ya ofisi haikutungwa na wajinga. Kwa hiyo Jumatatu nitamwambia mkuu wangu kwamba nimekula kwa mteja. Nitaomba jalada lake apewe mwenzangu. Mkuu atavua miwani, ataniuliza kisa ni nini, kesi yenyewe si tulishashinda.

Nitamjibu kwamba yule mama anahitaji mtu wa kuja kwake, na mimi nahitaji pa kwenda.