Plagi ya ba'mdogo Ngusa na kuku wa ukweni

Theo shoga, natoka kwa mama mdogo sasa hivi, mbavu hazina kazi 😂😂 Unamjua ba'mdogo Ngusa alivyo mkali? Ngoja.

Mwaka tisini na sita alikuwa fundi pikipiki pale Majengo. Kaenda Sibwesa na pikipiki yake kumposa mama mdogo, kakuta wote wako mnadani. Kabaki mama mkwe peke yake. MAMA MKWE! Kwa Wasukuma hata macho hamkutanishi, wala hamsemeshani!

Akasema akimbie kabla mzee hajarudi akawakuta wawili, posa ikafa. Akapiga kiki, PAAA! Plagi ikachomoka kwenye injini, ikaruka mpaka zizini. Nyuzi za tundu inamokazwa zimelika zote.

Mkoba wa spana anao. Inabidi apanue tundu kwa tepu, kile chuma cha kukatia nyuzi, afunge bushi, yaani kipete chenye nyuzi mpya. Ila tepu bila grisi, chenga za chuma zinadondoka kwenye silinda, injini kwisha. Na grisi hana.

Sasa sikia. Akamgeukia KUKU aliyekuwa anadonoa uani.
"Kuku, naomba samli kidogo."

Mama mkwe akatoka kinyumenyume na kibuyu, anaongea na ukuta: "Kuku, mwambie asiimalize."

Wanaongea na kuku, shoga! Watu wazima!

Basi, chenga zikanasa kwenye samli, bushi ikakaa, plagi ikakazwa. Kiki moja tu, ikawaka! Ba'mdogo kwa furaha akamkumbatia aliyekuwa karibu.

Karibu kulikuwa na nani? 😭

Mama wa watu kakauka kama gogo, macho juu mbinguni:

"Kuku, mwambie aniachie."