Tarehe Iliyo Kwenye Chupa

Alhamisi, Kakuma. Vumbi tangu alfajiri, hata uji una mchanga. Nina hasira kiasi kwamba sentensi hii nimeifuta mara tatu.

Jana nilikwenda Lodwar kuchukua majibu ya DNA, yangu na ya binti yangu Furaha. Tulipotezana vitani akiwa na miaka sita. Alinipata hapa kambini akiwa mtu mzima, bila cheti chochote. Pasipo majibu hayo, faili la kuhamia ng'ambo litakwenda na jina langu peke yake.

Karatasi ilisema: DNA haikutosha kusomeka.

Mama wa maabara alinieleza, kwa upole, kwamba huenda ni uzee. Mate ya wazee, alisema, huwa hafifu.

Nilifundisha biolojia kwetu Uvira miaka kumi na tisa. Nikaomba kuona vitendanishi, yaani zile dawa za kusafishia DNA. Nikavaa miwani. Kwa tarehe iliyo kwenye chupa, muda wa dawa ulikuwa umepita kwa miezi saba.

"Hiyo ni tarehe tu, mzee wangu. Sisi tunatumianga hivyo."

"Mlizijaribu kwanza kwa sampuli mnayojua majibu yake?"

"Ya nini?" Akacheka. "Mzee, kumbe wewe ni inspekta?"

Niwe mkweli: si kila dawa hufa siku tarehe yake inapofika. Nyingine hudumu. Lakini ijaribiwe kwanza, na mimi niambiwe. Wao walilaumu mate yangu.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka jana nilifukuzwa kwenye dirisha la ofisi hapa Kakuma kwa sababu karatasi yangu ya miadi ilikuwa imeisha muda jana yake. Siku moja! "Imeisha, mzee," wakasema, nami nikaomba radhi. Aliyekosa ni mimi, aliyeomba radhi ni mimi.

Kumbe tarehe ni sheria kwangu tu. Kwa chupa ni pambo.

Jioni Furaha aliniuliza, kwa Kiswahili cha kwetu: "Baba, na kama bakisema miye si mutoto yako?"

Ana masikio ya mama yangu, lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kujaza masikio.

Wametuita Jumatatu tutoe mate upya. Tutakwenda. Ila sitafungua mdomo kwa kijiti chao mpaka chupa iwekwe mezani, niisome mwenyewe. Waniite msumbufu. Ikiwa tarehe imepita, nitawaambia neno lao wenyewe, kwa sauti ileile ya dirishani:

Imeisha. Leteni nyingine.