Nilimwamkia Rubani Kwanza

Jumanne, jioni. Upepo umetimua vumbi tangu asubuhi.

Nilipomaliza kidato cha sita, mama mdogo, ambaye ni nesi, alinitafutia kazi ya kushika redio kwenye kiwanja cha ndege cha kijijini kwetu, upande huu wa Chamwino. Ndege yenyewe ni moja, ndogo, huwaleta yeye na madaktari kwenye kliniki. Namwambia rubani upepo unatoka wapi na kama njia iko wazi. Maneno yamepangwa, mafupi, ya Kiingereza. Nimeyakariri yote.

Leo ndege ikiwa imeshaanza kushuka, ng'ombe wakakatiza njia. Kundi zima, wala hawana haraka. Vumbi liliwaficha; mimi ndiye niliyewaona.

Nilipaswa kusema, "Runway blocked, go around." Yaani njia imezibwa, usitue, paa tena. Basi.

Nikabonyeza redio nikasema, "Shikamoo, Kapteni."

Kapteni ni wa umri wa babu yangu. Sijawahi kumwanza mtu mzima kwa amri. Akaitika, "Marahaba, binti," huku ndege inazidi kushuka. Nikasema, "Samahani, naomba, kama inawezekana..." Niliyaona magurudumu. Niliziona pembe.

"Ng'ombe!" nikapiga kelele.

Ndege ikanguruma, ikapaa juu ya migongo yao.

Mama mdogo alikuwa ndani.

Walipotua baadaye, nilisubiri kugombezwa. Kapteni akasema, "Binti, hapa chini niamkie utakavyo. Nikiwa kule juu, nifukuze kama mbuzi aliyeingia shambani." Madaktari wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Alinishika bega, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Sasa niko jikoni, nayasema yale maneno kwa sauti. Bibi ameuliza kutoka uani, "We, unamfokea nani?"

"Kapteni, bibi."

"Mtu mzima? Mweh!"

Kesho ndege inarudi. Naogopa. Nikimwomba mama mdogo atafute mtu mwingine, atakubali. Sijamwomba. Mtu huyo mwingine simjui, na atakayekuwa angani ni mama mdogo.

Je, nitathubutu?

Sauti yangu bado inatoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ngoja nirudie tena.