Kompyuta Yenye Tundu la Kuingiza Sauti

Kambini, Uarabuni
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwa dada yangu Nasimiyu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla hujaikunja karatasi hii na kuiweka kando, naomba uisome hadi mwisho. Najua miezi minane ya kunyamaza ni mingi. Najua pia maneno niliyokuambia kwa simu wiki ile tulipompoteza Mama. Nitayafikia. Kwanza niambie, ule mguu wako uliokuwa ukivimba ukisimama sana sokoni hapo Kiminini umepona? Shemeji bado anashona viatu pale barazani? Na mvua je, imekuja, au mmepanda mahindi kwenye vumbi kwa imani tu?

Mimi ni mzima wa kutembea. Mgongo unaniuma upande wa kushoto, kwa sababu matofali ya huku ni ya saruji na tunayapandisha begani mpaka ghorofa ambapo mashine haifiki. Jua la huku si kama letu la Bungoma ambalo saa nane linaita mvua. Hili halimwiti mtu yeyote, linakaa tu. Chumbani tuko wanane, vitanda viwili viwili juu kwa chini. Wa chini yangu ni Ndiwa, fundi wa kuchomelea vyuma, yule jamaa wa mlimani Elgon aliyekuja nyumbani Sirisia wakati wa likizo yake. Ulimpikia kuku. Bado anamtaja yule kuku.

Sasa nikueleze habari ya kompyuta, kwa sababu najua Barasa amekwisha kukuambia kwa namna yake. Mdogo wetu huyo alisikia kwamba nataka kuleta kompyuta ya nyumbani, ya kusikiliza nyimbo na kutazama filamu, akanipigia simu siku tatu mfululizo. Anataka ile kubwa, yenye sanduku refu la kusimama chini ya meza na spika za kufika kifuani. Anasema stima imefika sokoni Sirisia, tufungue chumba cha kuonyesha video, watu watajaa mpaka mlangoni. Nilimwambia hapana. Akaniuliza, "Sasa kompyuta ya ukubwa wa sufuria ya chai ni ya nini, bana? Watu watatucheka." Mwambie wacheke. Sikumweleza sababu. Nakueleza wewe.

Unakumbuka kwamba Mama hakujua kuandika, na barua zake zote kwangu zilikuwa kaseti. Ni wewe uliyemfundisha kubonyeza vitufe viwili pamoja kwenye ile redio ya marehemu Baba. Nilipokea kaseti tano kwa miaka hii minne. Ya sita, ya mwisho, alimpa Ndiwa mkononi. Ndiwa alikuwa bado yuko likizo kwao mlimani Mama alipoaga dunia, kwa hiyo habari ya kifo ilinifikia kwa simu, nikiwa juu ya jukwaa la mbao, na kaseti ikanifikia wiki mbili baadaye. Ndiwa alinipa akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja matangani.

Sikuisikiliza. Niliitia ndani ya soksi, soksi nikaitia ndani ya kiatu cha kanisani. Sababu moja ni woga. Mtu ambaye hajatupa udongo kwenye kaburi la mama yake, ataanzaje kumsikia akisema habari ya kuku na ndama kama vile yuko jikoni? Sababu ya pili ni redio yangu. Redio hii ya kambini hula kaseti. Ile ya nne, ambayo Mama alisimulia jinsi fahali wa jirani alivyoingia katika mkutano wa kanisa, iliitafuna mpaka utepe ukatoka kama matumbo ya kuku. Nilijua ya sita nikiicheza, huenda nikaisikia mara moja tu. Kwa hiyo nilitaka mashine ya kuikamata sauti mara hiyo moja, iihifadhi ndani, isiharibike tena. Hiyo ndiyo sababu ya kompyuta. Nyimbo na filamu ni za juu tu.

Nilitaka iwe ndogo kwa sababu itasafiri mkononi mwa Ndiwa, ambaye kandarasi yake inaisha mwezi ujao. Sanduku kubwa litatupwa kwenye mizigo lifike limevunjika. Tena ndogo haili stima nyingi, na siku stima ikipotea, kama inavyopenda kupotea huko kwetu, unaweza kuitumia kidogo kwa betri ya gari na kile chombo cha kugeuza umeme.

Ijumaa tatu tulizunguka madukani mimi na Ndiwa. Ya kwanza iliyonishika moyo ilikuwa nyeupe, nyororo, haizidi kitabu cha nyimbo cha kanisa kwa upana. Haina kelele hata kidogo. Muuzaji, Mhindi mpole mwenye miwani, alicheza filamu, akacheza muziki, sauti ikatoka safi kama maji ya kisima. Nilishaanza kufungua kibeti. Ndiwa mwenyewe aliniambia nichukue, twende, miguu imechoka.

Lakini mimi ni mtoto wa Baba. Baba alinipeleka soko la ng'ombe nikiwa darasa la nne, na hakuwahi kununua fahali kwa kumtazama. Alimfunga nira palepale sokoni akamtembeza, mwenye fahali akinung'unika. Nikamwambia muuzaji nitarudi. Ijumaa iliyofuata nikaja na redio yangu ya kaseti ndani ya mfuko wa saruji, na kaseti ya nyimbo za kwaya, na waya wenye pini pande zote mbili. Ndiwa alitembea hatua kumi mbele yangu ili asionekane tuko pamoja. "Nyinyi Wabukusu," aliniambia, "mnanunua kompyuta kama mnanunua ng'ombe wa mahari."

Nikamwomba muuzaji achomeke waya ule, sauti itoke kwenye redio iingie kwenye kompyuta nyeupe. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena. Ilikuwa na tundu moja tu la sauti, nalo ni la kutoa. La kuingiza halikuwapo. Yule mtu aliona haya kuliko mimi. Alisema hajawahi kuulizwa jambo hilo, kwamba watu wote wanataka mashine ya kuwaimbia. Dada, ningeinunua Ijumaa ile, ningerudi kambini, ningechomeka waya kwenye tundu lile lile moja, nikacheza kaseti nikidhani sauti imeingia.

Akanitolea nyingine kutoka chini ya meza. Nyeusi, nzito kidogo, pana kama matofali mawili yaliyolazwa, ina alama ya mkwaruzo ubavuni. Feni yake inavuma kama nyuki walio mbali. Si ya kuonyesha wageni. Lakini nyuma ina tundu la bluu, dogo, na alipochomeka waya na kuicheza kwaya, mistari ya kijani ikaruka kwenye skrini. Akasimamisha redio, akabonyeza kitu kimoja, na kwaya ikaimba kutoka ndani ya kompyuta peke yake. Ndiwa aliyekuwa amesimama mlangoni akaingia. Hakusema lolote juu ya ng'ombe. Nikaichukua hiyo nyeusi. Ina pia tundu la kuunganisha na televisheni ya Barasa, kwa hiyo asiseme nimemnyima yote.

Ijumaa iliyopita, asubuhi, wenzetu walipokwenda kufua, mimi na Ndiwa tukaitoa kaseti ya sita. Niliosha mikono kwanza, sijui kwa nini. Ndiwa alisafisha kichwa cha redio kwa pamba. Tukaanza.

Mama alisalimu kwa lugha yetu, akataja kila mtu kwa zamu yake kama kawaida. Akasema kuku mweusi anaatamia. Akasema paa la jikoni linavuja pale pale, na kwamba nisilete pesa ya mabati, nijilete mwenyewe. Akauliza kama huku kuna mboga za majani au ni nyama tu kama mazishini. Ndiwa alicheka, maana lugha yetu anaielewa tangu alipokuwa akichuuza viazi Bungoma. Sauti ya Mama ilikuwa ya chini, lakini sikushuku kitu. Akaomba, akasema amina, akasema, "Basi, mwanangu, nimechoka kuongea na sanduku." Kisha tukasikia kama kitu kinaburutwa juu ya redio, na sauti zote zikawa nzito kidogo, za mbali.

Ndiwa alinyoosha mkono azime. Nikamshika kifundo. Nilijua ule mburuto. Kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, cha maua, cha kufunikia redio. Mama hakuwahi kubonyeza kitufe cha kuzima, dada. Kwake redio iliyofunikwa imelala. Miaka yote hiyo nilikuwa nikizima akisema amina, sikujua kwamba nyuma ya amina kulikuwa na nyumbani kwetu kote, kuku na mvua na mlango ule unaolia.

Mlango ulilia. Ukaingia wewe.

Nimeyasikiliza maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, kwa hiyo nayaandika kama yalivyo. Ulimuuliza, "Mama, umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Habari ya hospitali. Kwamba wamesema urudi Bungoma."

"Nimemwambia kuku anaatamia."

Ukasema, "Mama, Wafula atanilaumu mimi."

Na yeye akasema, "Akulaumu. Huko wamemfungia pasipoti. Akijua, ruhusa ya kuja hatapata, atakuwa analia juu ya ghorofa, aanguke. Ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, hutashindwa kumbeba sasa. Niapie."

Nilidhani kaseti imekwisha. Kisha sauti yako ndogo, "Nimeapa." Na Mama, kama mtu aliyemaliza kazi, akakuomba ungo.

Dada, siku ile ya simu nilikuambia kwamba wewe ndiye uliyemuua Mama kwa kunyamaza. Nilikuambia usinitambue tena kama ndugu. Nimekumbuka ulichojibu. Ulisema tu, "Sawa, Wafula." Nikadhani ni kiburi, au ni dhamiri inakusuta. Kumbe ungeweza kunijibu kwa neno moja na ukaficha neno hilo miezi minane, kwa sababu uliapa kwa mtu ambaye hayuko tena wa kukufungua.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, unajua, wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono kuandika herufi. Sina maneno makubwa. Nilikosa. Nilikutukana bure, na ulikuwa umebeba mzigo wangu. Nakuomba msamaha, na sikuombi unijibu haraka. Kandarasi yangu imebakiza mwaka mmoja na nusu. Nikija sitaingia nyumbani kwanza. Nitapita kaburini, nitupe udongo wangu, na ningependa uwe umesimama hapo karibu nami, kama utakubali. Ule mkanda wa video ya mazishi ambao Barasa aliutia kwenye diski na kunitumia, bado sijautazama. Nimeamua sitamwona Mama akizikwa kwenye kioo kabla sijakanyaga pale kwa miguu yangu. Tutautazama pamoja, au tusiutazame.

Kompyuta ataileta Ndiwa mpaka Kiminini, mkononi mwako, si kwa Barasa. Ikae kwako mpaka nije. Barasa anaweza kuja kutazama filamu zake Jumapili, akinawa mikono. Kaseti zote nilizokuwa nazo zimo ndani, isipokuwa ile ya nne iliyoliwa. Ndiwa atakuonyesha pa kubonyeza. Mpikie tena kuku, maana amenibeba na yeye pia.

Nisalimie Shemeji mshona viatu, na mama mkwe wako anayenidai leso tangu nilipoondoka. Nisalimie mjomba wetu anayelitunza kaburi, umwambie asikate ule mparachichi wa karibu na pale. Barasa mwambie nampenda na kichwa chake kikubwa.

Neno la mwisho, la mashine. Hii nyeusi ina feni, inahitaji hewa, kwa hiyo usiifunike kwa kile kitambaa cha maua cha Mama hata kama inakutamanisha. Kiache juu ya redio. Na utakapoicheza kaseti ya sita, Mama akisema amina, wote watadhani imekwisha na mtu atataka kuzima. Usimruhusu. Ngoja mlango ulie.

Ndimi mdogo wako uliyembeba,
Wafula