Seva Iliyosubiri Miaka 584

Murang'a, Jumanne, 11 Novemba 2025

Babu Harun mpendwa,

Salaam aleikum. Magoti yako yanasemaje na baridi ya Nyeri? Mimi ni mzima, ila kichwa kinazunguka.

Babu, Jumamosi huenda nisifike kwenye posa. Jumapili nilibadilisha kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha zote, kwenye seva zetu pepe, zile zinazowatumia wakulima wa kahawa ujumbe. Tangu hapo takwimu zimeingia wazimu. Seva moja ati imesubiri zamu yake ya kufanya kazi miaka 584! Bosi wangu, Wakonyo, akaniuliza, "Raudha, ilianza kusubiri kabla ya kampuni au kabla ya Wazungu?" Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Hakuna ruhusa mpaka nimweleze, la sivyo wikendi yote nirudishe kiini cha zamani kwenye seva arobaini. Mwambie Hamdan polepole.

Mke wako mdogo,
Raudha


Nyeri, Jumatano, 12 Novemba

Mjukuu wangu Raudha,

Wa aleikum salaam. Magoti yananung'unika lakini msikitini yananifikisha. Nyanya yako ameuchagua mchele wa Jumamosi mara mbili, kana kwamba mawe huzaliana.

Hamdan sijamwambia kitu. Babu yake mwenye miaka tisini anashuka kutoka Doldol akuulize mwenyewe, nyuma ya pazia, kama umeridhia posa. Hakuna wa kukujibia. Basi tufanye kazi.

Unajua nilisoma mita za maji hapa mjini miaka thelathini. Mwaka wa kwanza nilimbadilishia mita Mama Madhuben, mjane mwenye duka la vitambaa. Ya zamani ilifika 4,812. Mpya ilianza sifuri, na mwezi uliofuata ikasoma 9. Mita haijui kurudi nyuma. Kwa hiyo mimi, kijana msomi, nikasahau kwamba mita ni mpya, nikaamua kwamba imezunguka mpaka 9,999 na kuanza upya. Nikaandika kwamba mjane mmoja ametumia nusu ya Mto Chania. Akaja ofisini na ndoo mkononi: "Kijana, ndoo yangu ni hii. Hayo mengine nilimwogesha nani?"

Seva pepe, kama ulivyowahi kunieleza, ni mpangaji ndani ya mashine kubwa. Mwenye nyumba ndiye humhesabia muda wa kusubiri. Uliza: namba iliruka mara moja au kila siku? Na dakika hiyo, wapangaji walihamishwa? Kisha tafuta ndoo, yaani upime kazi yenyewe.

Na kama unaniacha kwa ajili ya Hamdan, njoo uniache mbele ya watu.

Babu yako,
Harun


Murang'a, Alhamisi, 13 Novemba

Babu,

Shikamoo, na Nyanya pia. Leo nimeamka vizuri, utajua kwa nini.

Mara moja tu! Jumapili, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Nikamuuliza Mutahi, anayetunza mashine kubwa. Akajikuna kichwa: "Aa, hiyo? Ulipokuwa unabadilisha kiini, nilizihamishia seva zako mashine mpya. Sikutaka kukusumbua." Mashine mpya ilianza kuhesabu karibu na sifuri. Kiini kipya kikaondoa hesabu kubwa ya zamani kutoka kwenye hiyo ndogo mpya, na kwa kuwa namba zake hazijui kwenda chini ya sifuri, zikazunguka mpaka mwisho kabisa. Mwisho wake, ukiugeuza kuwa miaka, ni 584!

Ndoo pia nimepata. Nilimpigia Kinuthia wa kiwanda cha kahawa cha Gakindu huku namtumia ujumbe. Kabla sijamaliza kusema "haya," akasema umeingia.

Wakonyo amesikiliza yote. "Hadithi ya ndoo ni tamu. Kesho saa sita nataka grafu iliyonyooka." Kuna kiraka cha kiini, rekebisho dogo linalokataa kuhesabu kurudi nyuma. Nimekijaribu kwenye seva moja, imetulia. Zimebaki thelathini na tisa.

Wako,
Raudha


Nyeri, Jumamosi, 15 Novemba

Mjukuu wangu,

Nakuandikia ukiwa chumba cha pili, maana kwa vicheko vya shangazi zako hutanisikia. Hali yako siulizi, nimeiona.

Jana hukuandika. Nyanya yako aliuchagua mchele mara ya tatu, nami nikajifanya nasoma gazeti. Saa kumi na mbili jioni ukaingia na begi, ukasema neno moja: "Imenyooka." Nilikuwa nimelishika gazeti juu chini.

Na leo! Desturi ni binti akae kimya, aulizwe mara ya pili, hata ya tatu, wazee wapate kukohoa na kutazamana. Mzee wa Doldol alikuwa bado anatafuta pumzi ya kumaliza swali ulipoitikia "Ndiyo!" nyuma ya pazia. Akanigeukia: "Harun, huyu mtoto hamkumfundisha kusubiri?"

Nikamwambia tulikufundisha kupima. Muda wa kusubiri: sifuri. Na safari hii sifuri ni ya kweli.

Aliyekuwa mume wako,
Babu Harun