Meja Hatarudi Zizini, Mama

Junda, Kisauni
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini, miguu haikuumi, na macho hayajazidi kufifia kuliko nilivyoyaacha. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakwenda shule, na yule mdogo ameng'oka meno ya mbele, akisema anakutumia salamu nyumba nzima tunacheka. Joto limepungua kidogo na mvua imetulia. Najua huko Bamba nyasi zimeota na wewe umeanza kuniuliza lile swali lako.

Wifi Kache, wewe ndiwe utakayemsomea mama, na mimi nakujua kwa huruma zako. Soma yote. Usiruke pahali wala usinitetee. Ukinyamaza katikati mama atajua kuna jambo, kwa hivyo bora uendelee tu.

Mama, utasema mbona ninaandika na simu ninayo. Simu nimeshaitumia kukudanganya, na kila nikiishika ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana nimempa barua hii mke wa seremala, jirani yetu, anayekuja huko matangani.

Meja hayupo. Hakuibwa, hakuugua. Nilimuuza mwenyewe, kwa mdomo wangu, na alichinjwa siku ya Idd.

Kache, endelea.

Mama, najua Meja ni nini kwako. Ulitoa mbuzi wako wa maziwa kwa jamaa wa Taru upate dume la kondoo lisilo na damu ya zizi lako, kwa sababu madume yote yaliyobaki kwako ni watoto wa majike hayo hayo. Bado nakusikia ukiyafukuza kwa fimbo: "Ebo! Huyo ni mamako, huna haya?" Na kwa vile majike yako yalikuwa na mimba tayari, ukaniazima Meja baada ya Krismasi, anipandie wangu, mvua ikitulia nimrudishe. Hukuniandikisha popote. Ulinipa kamba mkononi ukasema, "Huyu ndiye mwaka wangu ujao." Maneno hayo nayasikia kila nikifungua zizi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Unajua huku siuzi kwa mkupuo. Majike huwauzia wanaotaka mbegu, wenye vishamba huko Mikindani na wapi na wapi, na madume huenda bucha za Bamburi. Watu wa bara wakija bado huniuliza sufi nauza wapi. Nawaambia, jamani, kondoo wetu ni wa nywele kama mbuzi, sufi na joto hili si utamuua mnyama? Lakini soko lenyewe hasa ni Idd ya kuchinja. Mwaka mzima nawalisha majani ya kabichi ninayookota Kongowea, na machicha ya nazi anayoniwekea mke wa Mzee Mselem, mwenye duka la nafaka hapa kona. Mzee huyo ndiye mteja wangu wa kwanza, na ndiye anayenitafutia wengine msikitini kwao. Alikuwa ameniambia mapema, "Kadzo mwanangu, niwekee dume zuri, na wenzangu pia uwawekee." Nikamwambia ondoa shaka.

Basi mwaka jana wafugaji tuliitwa mafunzoni. Tukaambiwa kondoo wa nyama akikatwa mkia angali mchanga, mafuta yanaenea mwilini, na jike anapandwa bila tabu. Nikaona hapa ndipo nilipokuwa nimechelewa. Nikanunua ile mipira ya kubana mkia, nikawabana wote waliozaliwa, madume na majike, hata mmoja sikusaza. Mikia ikakauka ikaanguka. Mama, nilijiona mtaalamu! Wakanenepa, matako mviringo, wakipita njiani watu wanageuka kuwatazama. Kwetu sisi nani angejali mkia? Kwetu tunauliza nyama.

Wiki ya Idd Mzee Mselem akaja na wenzake, kanzu safi, wamefurahi. Nikafungua zizi kwa mbwembwe. Mzee akatazama, akazunguka nyuma, akatazama tena.

"Mwanangu, mikia iko wapi?"

"Nimekata, mzee. Ndivyo wanavyofanya wataalamu."

"Lahaula! Sasa mimi nichinje nini?"

Akanieleza kwa upole kwamba mnyama wa Idd sharti awe mzima, hana kilema, hana kiungo kilichopunguzwa, na kondoo aliyekatwa mkia kwao hafai. Mwenzake mmoja akacheka, akasema, "Huyu mama ametufugia mapipa." Wakacheka wote isipokuwa mzee. Wakaanza kuulizana nani yuko Mariakani awaletee wengine haraka.

Mama, sikuwa na njaa. Ningekuambia njaa ungeniamini, na ungenisamehe kabla Kache hajamaliza kusoma. Watoto walikuwa wameshiba na kodi nilikuwa nimelipa. Ilikuwa aibu tu. Niliona jina langu la ufugaji linaondoka pale pale na watu wenye kanzu, na mimi nimebaki na mapipa yangu.

Ndipo Meja akatoka nyuma ya banda. Unajua mwendo wake, kama anakwenda kukagua watu. Kichwa cheusi, masikio yote mawili, mkia mnene umejaa. Wakageuka kumtazama. Mzee akauliza, "Na huyu?"

Ningesema huyu ni wa mama. Ni maneno machache hayo, hata mtoto angeyasema.

Nikasema, "Huyu pia anauzwa."

Na mzee, kwa kuwa ni mtu wa dini, akaniuliza mara ya pili: "Ni mali yako, Kadzo? Hatuchinji kitu cha mtu." Nikamtazama usoni nikamwambia ni wangu. Meja alipovutwa kamba hakukataa. Alifikiri anapelekwa malishoni.

Siku ya Idd, adhuhuri, mke wa mzee akaja mwenyewe na bakuli limefunikwa kitambaa. Wao hugawia majirani, hawaulizi wewe Mkristo au nani. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, Mungu awazidishie. Nikapika, nikawapakulia watoto wakala wakalamba vidole. Mimi nilikaa na kipande mdomoni hakishuki. Nikatoka nje nikakitema nyuma ya banda, pale pale alipokuwa analala. Nililia, mama, lakini kulia kwangu kutakufaa nini?

Kisha ukapiga simu. "Meja hajambo?" Hajambo. "Anakula?" Anakula. Ukasema macho siku hizi hayakuonyeshi kondoo hata wakiwa karibu, unawajua kwa sauti tu, nikuwekee Meja umsikie. Nikaingia zizini, nikamsogezea simu yule jike mzee mwenye sauti nzito, nikambana sikio akalia. Mwanao mimi, uliyenifundisha kukama, nilikuwekea jike nikakwambia ni Meja. Ukasema, "Haya. Basi huyo naye mlishe vizuri." Nikacheka, nikakata simu, nikajiona nimepona.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nilikwenda dukani kwa Mzee Mselem nikamwambia yote, hapo mbele ya magunia ya mchele. Nilitaraji anifokee, nami nilitamani anifokee. Hakufoka. Alikaa kitako, akavua kofia, akaniuliza, "Mama yako yu hai?" Nikamwambia yu hai. "Basi mimi sina la kukusamehe mpaka yeye aseme. Umeniingizia katika ibada yangu mnyama wa mtu. Mwandikie. Mwambie na mimi namwomba radhi, niliuliza lakini sikuuliza vya kutosha." Mzee mzima, mama, anakuomba radhi wewe kwa kosa langu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bei ya Meja ninayo yote, sijaigusa, inakuja na barua hii. Nilizunguka na pesa hizo Mariakani siku mbili za soko nikitafuta dume lingine la kufaa. Nilioonyeshwa ni wagonjwa, au wamehasiwa, au mwenyewe hajui wametoka wapi, na madume yangu yote yamekwenda bucha. Sikutaka kukuletea jingine la kukudanganya. Kwa hivyo msimu huu utapita na majike yako hayatapandwa, na mwakani zizi lako halitakuwa na mtoto anayelia. Hilo sina namna ya kulirudisha, na nakuomba usiniambie si kitu.

Nililo nalo ni hili. Yule jike wangu mwekundu amezaa dume la Meja. Kichwa cheusi tii. Mkia wake sijaugusa wala hautaguswa. Akiacha kunyonya na akapata nguvu nitamleta mwenyewe, kwa mkono wangu, sitampa mtu. Jina utampa wewe. Ukisema nisije naye, nimtume tu na nisikanyage hapo uani, nitaelewa pia.

Nisalimie kaka yangu, umwambie asipandwe na hasira kabla hujasema wewe. Nisalimie shangazi, mkewe marehemu mchungaji, na wanakwaya wote wa kanisa. Kache, nawe ahsante kwa pumzi zako. Na jibu la mama, liwe vipi, andika kama alivyosema. Mzee Mselem kila asubuhi ananitazama nikipita dukani, haulizi, ananitazama tu.

Mama, tangu nianze kuandika kuna neno moja linanirudia. Wewe kondoo wako wote unawajua kwa sauti, hata aliye nyuma ya kichaka. Na siku ile kwenye simu hukusema Meja nimlishe vizuri. Ulisema huyo naye.

Ulijua, mama?

Mimi mwanao,
Kadzo